Nathan Dunn: Mfanyabiashara aliyeyakusanya maisha ya Guangzhou

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala wanaufahamu mji wa Guangzhou, kusini mwa China, kama mahali pa kununua nguo, viatu, simu na vipuri. Karibu miaka 200 iliyopita, mfanyabiashara mmoja kutoka Marekani aliondoka katika mji huo na shehena ya namna nyingine kabisa. Alibeba majembe, viatu vya wanawake, taa za karatasi, ala za muziki, sanamu za ibada, mifano ya mashua, ndege waliokaushwa, pamoja na sanamu za udongo za watu wenye kimo cha binadamu, zikiwa zimevishwa nguo zao halisi.

Mtu huyo aliitwa Nathan Dunn. Enzi zake, jina lake lilijulikana Philadelphia na London, na maelfu ya watu walilipa kiingilio ili kuutazama mkusanyiko wake. Hata hivyo, miaka saba tu baada ya kifo chake mkusanyiko huo ulipigwa mnada na kutawanyika. Maisha yake yanaonyesha jinsi vitu vya jamii moja vinavyoweza kusafirishwa kwa uangalifu mkubwa hadi ng'ambo, kisha vikapotea kwa kukosa mwenye dhamana ya kuvitunza.

Aliyefilisika

Dunn alizaliwa mwaka 1782 katika jimbo la New Jersey, katika familia ya waumini wa Quaker, madhehebu ambayo wakazi wa magharibi mwa Kenya wanayajua kwa jina la Marafiki tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902. Akiwa kijana alihamia Philadelphia, mji uliokuwa na bandari kubwa na Waquaker wengi, akajifunza kazi ya biashara.

Biashara yake haikufanikiwa. Aliingia katika madeni asiyoweza kuyalipa, na mwaka 1816 jumuiya ya Waquaker wa Philadelphia ikamtenga. Kwa Waquaker wa wakati ule, kushindwa kulipa deni halikuwa jambo la fedha peke yake. Lilihesabiwa kuwa doa katika uaminifu wa mtu, na aliyetengwa alipoteza heshima mbele ya watu ambao ndio waliokuwa wakikopeshana na kudhaminiana.

Mwaka 1818, Dunn alipanda marikebu kwenda China kutafuta mali ya kulipia madeni hayo. Wakati ule safari ya baharini kutoka Philadelphia hadi Guangzhou, mji ambao Wazungu na Wamarekani waliuita Canton, ilichukua miezi minne au zaidi. Dunn alikaa huko kwa takriban miaka 12.

Mji wenye mipaka

Guangzhou aliyoikuta Dunn ilikuwa wazi kwa wageni upande mmoja tu. Tangu mwaka 1757, dola ya Qing iliwataka wafanyabiashara wa nchi za Magharibi waliokuja kwa njia ya bahari wafanye biashara yao katika bandari hiyo peke yake. Waliruhusiwa kukaa katika safu ya majengo kando ya Mto Zhujiang, yaliyokuwa maghala, ofisi na makazi kwa wakati mmoja, na ambayo yalijulikana kama Hongi Kumi na Tatu.

Masharti yalikuwa mengi. Wageni hawakuruhusiwa kuingia ndani ya kuta za mji. Hawakuruhusiwa kuja na wake zao. Msimu wa biashara ulipomalizika walitakiwa kuondoka, na wengi walikwenda Macau kusubiri msimu mwingine. Mchina aliyemfundisha mgeni lugha yake alijiweka katika hatari ya kuadhibiwa. Biashara yote ilipitia kwa kundi la wafanyabiashara wa Kichina waliopewa kibali na serikali, lililoitwa Cohong.

Mtu aliyebanwa hivyo angetarajiwa kurudi kwao akiwa na chai, hariri na vyombo vya kauri, bidhaa ambazo kila nahodha alizibeba. Waswahili wa pwani nao walizijua kauri za China karne nyingi kabla ya hapo, wakazipachika katika kuta za misikiti na minara ya makaburi yao. Lakini bidhaa hizo zilitengenezwa kwa ajili ya soko. Hazikueleza namna mkulima wa Guangdong alivyolima, fundi viatu alivyoshona, wala familia ilivyoomboleza. Dunn aliyataka hayo ya pili.

Jambo moja lilimtofautisha na wageni wengi wenzake. Alikataa kufanya biashara ya afyuni, ambayo wakati huo ilikuwa ikiwatajirisha Waingereza na Wamarekani wengi huku ikiwaangamiza Wachina. Yeye alipeleka China vitambaa na bidhaa nyingine za viwanda vya Uingereza kwa marikebu za Kimarekani, na akarudisha Marekani bidhaa za Kichina. Watu wa zama zake walieleza kuwa msimamo huo ndio uliompatia imani ya wenyeji, na kwamba imani hiyo ilimfungulia milango iliyofungwa kwa wengine.

Mikono ya Wachina

Kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza kutembea atakapo, mkusanyiko wake ulikusanywa kwa kiasi kikubwa na Wachina. Miongoni mwa waliomsaidia anatajwa Houqua, ambaye jina lake la Kichina lilikuwa Wu Bingjian, kiongozi wa wafanyabiashara wa Cohong na mmoja wa watu matajiri kabisa duniani katika zama zake. Watu wa aina hiyo waliweza kupata mavazi ya maofisa, vyombo vya ibada na samani za nyumbani ambazo mgeni asingeziona hata kwa mbali.

Kwa upande wa viumbe, Dunn alimtumia kijana Mmarekani aliyeishi Guangzhou, William W. Wood, kumkusanyia ndege, samaki, wadudu na makombe. Mafundi wa Guangzhou, ambao tayari walikuwa na ustadi wa kufinyanga sura za watu kwa udongo, walitengeneza sanamu za watu wa tabaka mbalimbali. Ilielezwa kwamba nyuso hizo zilifinyangwa kwa kufuata sura za watu waliokuwa hai, kiasi kwamba wageni waliowahi kuishi Guangzhou waliwatambua baadhi yao.

Hapa pana jambo ambalo masimulizi ya makumbusho huelekea kulisahau. Majumba mengi hubandika jina la Mzungu au Mmarekani aliyeleta vitu, kana kwamba ni yeye aliyevichagua, akavieleza na kuvitengeneza. Mkusanyiko wa Dunn ulikuwa pia kazi ya madalali, wafinyanzi, washonaji na wachoraji wa Guangzhou. Walichagua nini kionekane na nini kisionekane, na bila shaka walijua wanawaonyesha watu wa mbali jinsi nchi yao ilivyo.

Aghalabu vitu hivyo vilinunuliwa au kutolewa kwa hiari. Hilo linautofautisha mkusanyiko wa Dunn na hazina za Kasri la Majira ya Joto la Beijing, lililoporwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa, kisha kuchomwa na Waingereza, mwaka 1860.

Philadelphia yapata China yake

Dunn alirejea Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1830 akiwa tajiri. Habari iliyosimuliwa sana juu yake ni kwamba aliwaalika wadai wake wa zamani katika karamu, na kila mmoja alipoinua sahani yake akakuta chini yake hati ya malipo ya deni lote pamoja na riba. Kwa mtu aliyetengwa kwa ajili ya madeni, huo ulikuwa ni ushahidi mbele ya watu kwamba jina lake limesafishika.

Alijenga nyumba ya mashambani huko Mount Holly, New Jersey, iliyobuniwa na msanifu John Notman kwa mapambo ya mtindo wa Kichina. Kisha akaukabili mzigo wake mkubwa zaidi, yaani kuvipatia makazi vitu alivyovileta.

Desemba 1838, mkusanyiko ulifunguliwa kwa umma katika ukumbi mkubwa wa ghorofa ya chini ya jengo jipya mjini Philadelphia. Ghorofa ya juu ilikuwa na jumba la makumbusho lililoasisiwa na mchoraji Charles Willson Peale. Mgeni alipoingia alikutana na ofisa wa dola katika joho lake rasmi, mtawa wa Kibudha, mwanajeshi, mwombolezaji, mwanamke wa tabaka la juu mwenye miguu iliyofungwa, kinyozi wa mtaani, mhunzi, fundi viatu na mwanamke wa mashuani. Vitu vidogo viliwekwa katika makabati ya vioo, na kila kimoja kilipewa maelezo.

Mwaka 1839 kilitolewa kitabu cha mwongozo ambacho jina lake lilimaanisha Vitu Elfu Kumi vya Kichina. Idadi hiyo haikuwa hesabu kamili. Katika Kichina, elfu kumi ni namna ya kusema visivyohesabika.

Mpangilio huo ulikuwa na maana kwa wakati wake. Maonyesho mengi ya siku zile yalichanganya vitu vya ajabu bila utaratibu: jino la nyangumi kando ya mkuki, mkuki kando ya fuvu. Dunn aliviweka vitu katika matumizi yake. Jembe lilikuwa kando ya anayelima, na kiti cha kubebea watu kilikuwa na wabebaji wake. Kwa njia hiyo mtazamaji aliweza kumwona mtumiaji wa kitu pamoja na kitu chenyewe.

Pamoja na hayo, njia hiyo ilikuwa na kasoro yake. Watazamaji wengi hawakuwahi kukutana na Mchina aliye hai. Wachina waliowajua ni wale wa udongo, wasioweza kujibu swali wala kusahihisha maelezo yaliyoandikwa kando yao.

London katika mwaka wa vita

Baada ya miaka mitatu hivi, Dunn aliamua kuuvusha mkusanyiko wake Atlantiki. Kusafirisha vitu vya namna hiyo ni kazi yenye hatari hata leo. Udongo hupasuka kwa mtikisiko, hariri huliwa na nondo, karatasi na mbao huharibiwa na unyevu, manyoya ya ndege hushambuliwa na wadudu. Vitu vya Dunn vilikuwa tayari vimevuka bahari mara moja kutoka Guangzhou, na sasa vilifungwa tena ndani ya masanduku.

Juni 1842, maonyesho yalifunguliwa London, karibu na Hyde Park Corner, katika jumba lenye lango lililojengwa kwa umbo la Kichina. Malkia Victoria na mumewe, Prince Albert, walikuwa miongoni mwa waliolizuru. Msimamizi wa mkusanyiko, William Langdon, aliandaa mwongozo mpya kwa ajili ya watazamaji wa Uingereza.

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa vitani na China. Vita vya Afyuni vilianza mwaka 1839, baada ya mjumbe wa mfalme, Lin Zexu, kukamata na kuteketeza shehena kubwa ya afyuni ya wafanyabiashara wa kigeni wa Guangzhou. Vilimalizika kwa Mkataba wa Nanjing uliotiwa saini tarehe 29 Agosti 1842, miezi michache tu baada ya maonyesho kufunguliwa. Kwa mkataba huo China iliitoa Hong Kong kwa Uingereza, ikafungua bandari tano na kulazimishwa kulipa fidia.

Hivyo vitu vilivyokusanywa na mtu aliyeikataa afyuni vilitazamwa na taifa lililokuwa limeshinda vita vilivyoletwa na afyuni. Vitu vyenyewe havikuwa vimebadilika, lakini macho yaliyovitazama yalikuwa mengine. Yule ofisa aliyekuwa mfano wa ustaarabu wa kale huko Philadelphia, London aliweza kuonekana kama mtumishi wa dola iliyoshindwa. Vitu vinapohamishwa, huingia katika siasa za mahali vinapofika, na nia njema ya aliyevikusanya haiwezi kulizuia hilo.

Mnada

Nathan Dunn alifariki dunia nchini Uswisi mwaka 1844, akiwa na umri wa miaka 61. Mkusanyiko ukabaki bila yule aliyeujua kitu kwa kitu.

Maonyesho ya Hyde Park Corner yaliendelea hadi mwaka 1846. Baadaye vitu vilizungushwa katika miji mingine ya Uingereza, vikifungwa na kufunguliwa kila kituo, na hatimaye vikarejeshwa London. Mwaka 1851 mji huo ulikuwa na Maonyesho Makuu ya mataifa, na umma ulikuwa na mengi mapya ya kutazama. Desemba mwaka huo, mkusanyiko uliuzwa katika mnada wa Christie's.

Katika mnada, kila mnunuzi huchukua kimpendezacho. Sanamu ikaweza kwenda huku, joho lake kule, na karatasi ya maelezo kutupwa. Kitu kilichotenganishwa na maelezo yake hubaki na umbo, lakini hupoteza jina la fundi, mji kilikotoka, mwaka kiliponunuliwa na kazi kiliyoifanya. Kinaweza kukaa katika kabati la jumba kubwa kwa karne nzima kikiwa na kibandiko kinachosema ni cha Kichina, na hakuna zaidi.

Lile jengo la Philadelphia liliendelea kuitwa Jumba la Makumbusho la Kichina hata baada ya vitu kuhamishwa. Liliteketea kwa moto mwaka 1854. Miaka miwili baadaye, Desemba 1856, moto uliteketeza pia majengo ya wageni ya Guangzhou, wakati wa Vita vya Pili vya Afyuni. Mahali pa mwanzo na mahali pa maonyesho ya kwanza vyote vilikuwa vimekwisha.

Salem na Zanzibar

Hatima hiyo haikuwa ya lazima. Katika mji mwingine wa Marekani, Salem huko Massachusetts, manahodha na wafanyabiashara wa bahari walikuwa wameunda chama chao mwaka 1799. Mwanachama alitakiwa awe amepita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn, na wanachama walikusanya vitu kutoka nchi walizozifikia na kuviweka katika jumba la pamoja. Mwaka 1821 chama kilichapisha orodha ya vitu hivyo.

Salem ni jina lenye uzito katika historia ya Afrika Mashariki. Marikebu zake ndizo zilizoleta Zanzibar kitambaa cha pamba ambacho Waswahili walikiita merikani, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani aliyefanya kazi Zanzibar, aliyewasili mwaka 1837, alitoka katika mji huo.

Manahodha wa Salem hawakuwa waangalifu kuliko Dunn. Tofauti ni kwamba vitu vyao vilikuwa mali ya chama na si ya mtu mmoja. Viliandikwa katika orodha, na chama kilipoishiwa nguvu, mwaka 1867 fedha za mfadhili George Peabody ziliwezesha vihifadhiwe na taasisi mpya. Taasisi hiyo leo ni Jumba la Makumbusho la Peabody Essex, ambako bado kuna sanamu za udongo za Guangzhou za zama zilezile.

Tofauti hiyo inawahusu pia Waafrika Mashariki. Wamijikenda wa pwani ya Kenya waliona vigango, nguzo za mbao zinazosimikwa kwa heshima ya wazee waliofariki, vikiibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2007, vigango viwili vilirejeshwa Kenya kutoka taasisi za Marekani. Iliwezekana kwa sababu picha na kumbukumbu zilithibitisha ni vya familia gani. Kwa kigango kisicho na kumbukumbu, hata jumba lililo tayari kukirejesha halijui liipelekee boma gani.

Guangzhou ya leo

Eneo zilikokuwa Hongi Kumi na Tatu sasa liko katikati ya Guangzhou ya kisasa, karibu na bustani ya umma iitwayo Bustani ya Utamaduni. Mwaka 2016 lilifunguliwa hapo jumba la makumbusho linaloeleza historia ya biashara ile. Ndani yake kuna kauri, vipepeo vya mkono, michoro na nakshi za pembe zilizotengenezwa na mafundi wa mji huo kwa ajili ya wageni. Jumba la Makumbusho la Guangdong nalo lina vitu vya aina hiyo. Vingi vya namna hiyo vilivuka bahari zamani, na baadhi vimenunuliwa ng'ambo na kurudishwa.

Vinavyorudi kwa urahisi ni vile vilivyokuwa na thamani sokoni. Jembe, kiatu cha fundi wa mtaani au nguo ya mwombolezaji havikupata wanunuzi wa kuvitunza kwa kiwango hicho. Hivyo ndivyo Dunn alivyovithamini pamoja na hariri, na hivyo ndivyo vilivyotoweka kwa urahisi zaidi.

Kilichobaki katika mkusanyiko wake kikiwa kizima ni vitabu vya mwongozo, vilivyochapishwa Philadelphia na London. Kupitia kurasa zake, mkazi wa Guangzhou wa leo anaweza kusoma juu ya kinyozi, mhunzi na mwanamke wa mashuani wa mji wake, miaka ipatayo 200 iliyopita, ingawa sanamu zao hazipo tena mahali pamoja.